Khanga Mbele ya Runinga

Shilingi hamsini, mlango wa bati, Pasua.
Madirisha yamezibwa kwa magunia ya kahawa
yenye namba ya chama cha msingi
ambacho baba alikidai malipo ya pili hadi akafa.
Tunakaa kwenye mabanzi. Nje jenereta inakohoa.

Mama Aikaruwa, mwenye banda, yuko pembeni,
khanga mkononi kama mshika kibendera.
Midomo miwili ikianza tu kukaribiana
anaruka, anaitandaza mbele ya kioo,
nasi tunabaki na kinanda
na maandishi mekundu:
USINIPIMIE KWA KIBABA CHAKO.
Tuliyasoma tukiwa tumebana pumzi.
Hadi leo mume wangu akinisogelea usiku
nayasoma.

Risasi hakuzifunika.
Utumbo hakuufunika.
Mwanamke alipigwa kofi, akaanguka,
akainuka, akampenda aliyempiga,
na khanga ilikuwa begani, imetulia.
Tulishangilia hadi bati likalia.

Anaeli ndiye aliyetutafsiria.
Kichina hakijui, Kiingereza anakibahatisha,
lakini Pasua aliijua nyumba kwa nyumba.
Jambazi mwenye kovu alimpa jina la mgambo wa soko la Memorial.
Rais mnene wa nchi isiyotajwa
alifumbua mdomo, Anaeli akanguruma:
"Leteni michango ya mwenge! Asiye na hela alete kuku!"
Banda zima likalipuka.
Mtendaji wa kata alikuwa benchi la nyuma.
Alicheka nasi,
akawahi kunyamaza.

Jumamosi iliyofuata, mkanda uleule,
rais yuleyule akawa mtu mwema
aliyezungukwa na washauri wabaya.
Midomo yake ilicheza vilevile.
Anaeli alikuwa na viatu vipya.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja
na hakuna mwalimu wa uraia
aliyewahi kunifundisha zaidi ya pale.

Dada yangu Elifrida
alipigwa kofi na mchumba wake pale stendi kuu,
mchana, mbele ya wauza karanga.
Hakulia. Hakukimbia.
Alisimama kidogo, ameinamisha kichwa,
kama mtu anayesubiri kinanda.
Harusi ilikuwa Desemba. Ndafu ilinona.

Banda sasa ni duka la vipuri vya pikipiki.
Jana usiku nilimkuta binti yangu na simu ndani ya blanketi,
uso umekuwa wa buluu.
Nilikuwa na khanga kiunoni; mkono ukaenda wenyewe.
"Wanabusiana tu, mama," akasema.
Nikaketi ukingoni mwa kitanda.
Wakabusiana. Ilikuwa fupi, hata ya kuchosha.
Kisha wakagombana, yule kijana akainua mkono,
na mwanangu hakupepesa.

Rudisha nyuma, nikamwambia.
Wapi?
Hapo. Zima sauti.
Akarudisha.
Tukalitazama lile kofi
bila kinanda,
mara ya pili, ya tatu,
hadi akalivuta blanketi mwenyewe, akaniuliza
kama mama mkubwa Elifrida anakuja Jumapili.