Karani wa Gati la Tano

Meli ilikaa nangani siku kumi na moja,
ikaingia Jumanne, tumbo limejaa mbolea,
nami nikashuka na kalamu yangu na kofia ya njano
kuhesabu magunia.

Fundi mitambo wake aliitwa Tarmo.
Akasema ametoka mji wa bandari, kaskazini huko,
mji mkuu wenye kuta za mawe
na bahari ambayo mwezi wa pili hugeuka sakafu.
Watu huitembea? Akasema babu yake aliitembea.
Nikamtazama usoni. Hakuwa mlevi.

Wamepitiwa na Wadenmaki, akahesabu kwa vidole vyenye grisi,
Wajerumani, Waswidi, Warusi,
tena Wajerumani, tena Warusi,
mkono wa pili nao ukaguswa.
Sisi, nikamwambia, mmoja unatutosha:
Sultani aliyejenga kasri akaanguka humo humo,
akafa mji ukinuka bado chokaa mbichi;
Mjerumani; Mwingereza; kisha wenyewe.
Lakini kabla ya wote palikuwa na Mzizima,
Washomvi wakichemsha chumvi yao,
na hakuna aliyewauliza jina wanalolitaka.

Tarmo akanyoosha mkono ng'ambo ya maji,
penye mnara wa kanisa na vigae vyekundu.
"Ule ni wa kwetu," akasema, sauti ikamlegea.
La. Ule ni wetu.
Mgeni akisahau mwavuli wake,
masika mia moja huufanya mali ya mwenye nyumba.

Ndiyo tabia ya mji huu, hautupi kitu.
Kambi ya wapagazi wa vita vya wazungu,
waliokufa kwa kuhara na njaa
(nani alikuwa karani wao? mbona hakuandika?)
tumeigeuza soko, tukaiita Kariakoo,
tunauza humo vitenge, mitumba, betri za saa.
Sanamu la gavana liling'olewa, la askari likasimama,
na bibi yangu, hadi anaingia kaburini,
alimwambia dereva wa teksi: "Nishushe Bismini."
Jina limefiwa na mwenyewe, limebaki njia panda.

Nyumba yake bibi, Gerezani, ilipigwa X nyekundu.
Sasa hapo yapita mabasi ya mwendokasi.
Nikipita nafumba jicho moja.

Halafu wizara zikafunga majalada,
malori yakapanda Dodoma na meza, na viyoyozi,
na chungu cha maua cha katibu muhtasi.
Watu wakasema jiji limevuliwa kilemba.
Kesho yake nikaenda Feri kununua vibua;
bei ile ile, matusi yale yale.
Kilemba kimeondoka. Kichwa kiko pale pale, na jasho lake.

"Mtamaliza lini kuujenga?" Tarmo akauliza,
akitazama winchi, nondo, ghorofa zisizo na madirisha.
Nikacheka mpaka kofia ikanidondoka.
Kwao wamemaliza, nadhani,
ndiyo maana wanauza tiketi watu waje kuutazama.
Wetu ukimalizika, tutakaa wapi?

Saa kumi shaba ya Kolwezi ikaanza kupakiwa.
Akaniomba nimwandikie jina la mji,
akamwoneshe bintiye.
Nikachana pembe ya fomu, nikaandika: Mzizima.
Akalisoma polepole, zile zeta mbili zikamkwama,
akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa kifuani.

Sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Magunia elfu mbili mia nne, pungufu moja.
Nikatia sahihi, Mwantumu Pazi, nikapiga muhuri
unaosema, kama siku zote, Dar es Salaam.