Herufi Tisa

Baba alishuka kutoka Uru kabla ukungu haujaondoka,
akaingia dukani kwangu, mtaa wa Kiusa,
akasimama kati ya mashine ya fotokopi na rimu za karatasi,
akavua kofia, akatoa risiti mfukoni mwa shati.
"Nisomee hapa. Haya mengine najua mwenyewe."
Mengine yalikuwa kilo, namba ya gunia, tarehe.
Hapa palikuwa na neno moja la Kiingereza,
herufi tisa, mwandiko wa mtu mwenye haraka:
tolerabo.

Ndivyo nilivyolitamka. Naye akalirudia polepole,
kama anayeonja mboga ya jirani.

Walikuwa wameionja kahawa yake hapa hapa Moshi,
watu wa makoti meupe, kijiko na beseni la kutemea:
wanavuta kwa kelele, wanatema, wanaandika.
Baba kwake hunywa chai.
Kahawa anaijua kwa maua ya Novemba,
kwa utelezi wa buni ikichomoka gandani,
kwa mgongo.

Nikafungua kamusi, ile iliyong'oka jalada.
Maana ya kwanza: -a kuvumilika.
Maana ya pili: -a kiasi, isiyo mbaya.
Nadhani aliisikia ya kwanza tu.

"Kuvumilika? Kama jino?"
Kama jino, Baba.
"Kama baridi ya Julai, na blanketi moja?"
Hata hiyo.
"Kwa hiyo mtu amekunywa kahawa yangu
akakaza meno mpaka ikapita."

Nikamwambia habari za Bi. Eliainenyi,
aliyetufundisha Kiingereza kidato cha pili.
Neno hili, alisema, usilitumie mezani kwa mwenyeji wako.
Litumie kwa hali ya hewa. Kwa kelele za mbali.
Kisha akaliandika juu ya insha yangu,
na mama akanichinjia kuku
kwa sababu wino haukuwa mwekundu.

"Nakumbuka kuku," alisema Baba. "Alikuwa mtetea."

Sikumwambia lile linalonisumbua mimi,
ninayepiga chapa barua za watu kutwa nzima:
tunaweka -ika mwishoni, na mtendaji anatoweka.
Barabara inapitika. Nani amepita?
Mwandiko unasomeka, deni linalipika,
na ndani ya kuvumilika, ulitafute ulivyotafuta,
hulikuti jina la aliyevumilia.

Akaomba simu. Nikampigia mama, nikaweka sauti kubwa.
Huko nyuma ng'ombe analia, maji yanapita mferejini.
"Klementina, wameandika kahawa yetu inavumilika."
Kimya.
"Na mimi je? Miaka thelathini na nane. Mimi navumilika?"
Kimya kirefu zaidi, mpaka nikatazama kama salio limeisha.
"Wewe," alisema mama, "si haba.
Na usisahau chumvi ya ng'ombe."

Baba akanirudishia simu kwa mikono miwili.
"Si haba. Kumbe lipo neno.
Hawa wasomi wangeuliza."
Akanitaka niliandike pembeni, kwa kalamu ya bluu,
karibu na zile herufi tisa, lakini zisigusane.
Nikaandika. Bei haikubadilika:
shilingi mia tatu pungufu kwa kila kilo.

Akapita kijana wa kahawa chungu,
birika mkono mmoja, vikombe vikigongana mkono wa pili.
Nikanunua viwili. Baba akakishika chake kwa ncha za vidole,
akakinusa, akavuta kwa kelele
kama wale wa makoti meupe,
na kwa muda nilidhani atatafuta pa kutemea.
Akameza.
Uso ukakunjamana, ukakunjuka.
Akavuta tena, hadi machicha yakabaki chini.

Kijana alikuwa bado mlangoni akisubiri kikombe chake.
"Vipi, mzee?"

Baba akapangusa midomo kwa kofia.
"Inanyweka."