Safu ya Kutoka

Karani, nimekuja tena. Ni mimi, Holo,
yule wa mapanki, ambaye nikikaa tu unafungua dirisha.
Leo sijapitia jikoni. Nimeoga kwa sabuni ya kipande,
nimevaa gauni nililolivaa siku ya kipaimara chake,
usije ukalisoma faili langu kwa pua.

Fomu yako nimeijaza hadi pale niliposhindwa.
Jina la marehemu: Bundala Lugembe.
Kwenye kazi uliniachia kamstari kafupi;
nikaandika mbeba mitungi ya hewa, herufi zikabanana
kama nyumba zetu juu ya miamba ya Mabatini.
Wewe ukakata, ukaandika juu yake: kibarua.

Sawa. Kibarua.
Lakini lifti ya hospitali ilikufa kabla yake,
na pumzi za watu zilikuwa chini, getini, kwenye lori,
na watu wenyewe ghorofa ya nne.
Katikati palikuwa na bega la Bundala.
Usiku mmoja alihesabu mitungi thelathini na mmoja.
Akarudi asubuhi, akalala na viatu,
bega limechubuka mviringo, ungedhani kisosi kilisahauliwa pale.
Nikalikanda kwa maji ya chumvi, akacheka:
"Mama, kumbe upepo ni mzito hivi."

Mkataba, unasema. Hakuna.
Hati ya mshahara. Alilipwa mkononi kila Ijumaa,
pungufu ya buku mbili, na haikusemwa za nini.
Barakoa alipewa moja. Niliifua, nikaianika, nikaifua,
mpaka ikawa ganda la kitunguu.

Na sababu ya kifo. Hapo ndipo tunapogombana.
Cheti kinasema changamoto ya upumuaji.
Mwaka ule ugonjwa uliingia nyumba kwa nyumba
kama mama mkwe: upo sebuleni, umekaa,
na jina lake halitamkwi.
Leo serikali imelikumbuka jina, imetenga fungu,
na fungu linataka liandikwe jina lile lile
tulilokatazwa kuliandika.
Nilitoe wapi? Nimfukue?

Mimi nimezoea mabaki. Kiwandani minofu hupanda ndege,
sisi hupewa kichwa na mgongo, tukashukuru, tukakaanga.
Ila mfupa wa sangara, uukaange utakavyoukaanga,
utakuonyesha samaki alikuwa na ukubwa gani.

Basi nimekuja na mfupa.

Hili ni daftari la geti.
Mlinzi Ngassa alilificha chini ya magunia ya mkaa
siku walipochoma makaratasi.
Funua ukurasa wenye doa la chai.
Bundala Lugembe. Kuingia: saa moja kasoro, jioni.
Sahihi ni yake, ile B yenye matumbo mawili,
mwalimu alimchapa sana kwa ajili yake.
Kutoka:

Hakuna kitu.
Angalia wa juu yake, angalia wa chini yake.
Mpishi katoka. Dereva wa lori katoka saa tano.
Hata yule daktari mgeni, mwandiko kama sisimizi, katoka.
Mwanangu, kwa mujibu wa maandishi yenu,
bado yuko kazini.

Kwa hiyo kifo usinihesabie,
kifo kina changamoto.
Nihesabie zamu. Ilianza saa moja kasoro
na mpaka asubuhi hii ninayoongea nawe
hakuna aliyekuja kumpokea.

Umevua miwani. Vaa, sikuja kukuliza.
Una mama, naona; umefungwa kifungo kwa uzi wa rangi nyingine,
hiyo ni kazi ya mama.

Unataka kulitoa kopi? Vizuri.
Hapana, liache hapo mezani kwanza, ninyanyuke, goti hili.
Twende wote hadi kwenye mashine,
nisimame, niione ikimulika.
Sikudhanii ubaya, karani.
Ni kwamba mara ya mwisho nilipoacha kitu changu
mikononi mwa ofisi,
nilirudishiwa viatu.