Skrubu

Miaka thelathini na moja nimekwangua kutu
kwenye chelezo cha Igogo,
chali chini ya matumbo ya meli,
kutu ikinidondokea usoni kama unga wa ulezi.
Kwa hiyo msiniambie chuma hakiliwi.
Huliwa, hata na maji matamu ya ziwa hili,
polepole, bila kelele, kama deni la dukani.

Jino langu lilikwenda na ndoano ya winchi
siku tulipoinua pantoni.
Binti yangu Kwandu akalipa, mama yake hakuiamini bei,
nikapandikizwa skrubu ya titani kwenye taya
na juu yake kofia nyeupe kuliko majirani zake.
Nilitafuna matobolwa makavu mbele ya mashemeji wote.
Nikaringa.

Halafu Malimi wa karakana ya betri
akaniambia, supu ya sato ikiwa bado ya moto:
«Hizo huvuja. Metali inaingia kwenye damu.»
Usiku huo ulimi ulikataa kulala.
Ulikwenda pale, ukarudi, ukaenda tena,
kama mlinzi mpya getini.

Daktari Nyamizi wa Kirumba hakunicheka.
Alibandika picha kwenye taa:
taya langu, kijivu kama ziwa asubuhi ya mawingu,
na ndani yake skrubu, hesi zote zinahesabika.
«Inavuja?»
«Inatoa,» akasema. «Kila metali mwilini hutoa kitu.
Ila titani ikigusa hewa hujivika ngozi yake yenyewe,
kutu nyembamba inayozuia kutu.»

Kutu mlinzi!
Angeniambia hivyo kibarua, ningemfukuza kazi.

«Ngozi hiyo ikikwaruzwa, chembe hutoka,
kidogo mno kwa jicho.
Nyingine hubaki kwenye ufizi, nyingine huenda na damu.
Wengi niliowawekea sijaona wakidhurika.
Wachache ufizi huvimba, hutoa damu, mfupa hurudi nyuma.
Kama zilianza chembe au ulianza uchafu wa meno,
hapo, mzee wangu, bado hatujui.»

Nilimpenda kwa neno hilo.
Nilimkumbuka injinia mmoja, simtaji,
aliyelitazama bamba la pantoni akasema liko salama
bila kuligonga hata mara moja.
Tuliligonga sisi, usiku, yeye amelala.
Lilijibu kama debe la karanga.

Akachungulia tena mdomoni.
«Na hili zibo la zamani, la rangi ya fedha?
Metali mbili, mate ya chumvi katikati.
Wewe ndiye fundi, niambie.»
Nikamwambia: moja itaila nyingine.
Ndiyo maana meli tunaifungia bonge la magnesi ubavuni,
liliwe badala yake.
Akaandika kitu kwenye faili, mstari mrefu.

«Mswaki laini. Uzi. Kila miezi sita nikuone.
Na usikwangue hapo kwa kitu chochote cha chuma.»
Mimi! Nisikwangue!

Kisha akakigeuza kioo chake kidogo,
akaligonga jino kwa mpini
na kuinamisha sikio.
Ti.
Ti.
Niliijua sauti ile kabla hajafungua mdomo.
Bamba zima hujibu hivyo, papo hapo.
Lililooza hufikiri kwanza.

Nimeshuka ngazi nikiwa mwepesi,
nikakohoa barazani, kama kawaida yangu.
Mapafuni nimebeba moshi wa kuchomelea,
miaka thelathini na moja,
na huo hakuna hata mmoja aliyewahi kuupiga picha.
Wala mimi sikuuliza.

Kwandu amepiga simu: wamesemaje?
Nimeisogeza simu mdomoni,
nikaligonga jino kwa ukucha.
Sikiliza, nikamwambia.