Linanicheza

Julai, Bulongwa. Umande umeganda
mweupe juu ya majani ya viazi,
na chaki imeshika baridi, inakwaruza ubao badala ya kuandika.
Kidato cha Pili B. Nimeweka neno moja: twitch.
Wameliita twichi, wakacheka,
maana linafanana na chafya ya paka.

Kamusi ya shule, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia,
inasema: kutikisika kidogo, ghafla, bila kukusudia.
Nikasoma kwa sauti. Hakuna aliyeandika.
"Kidogo kiasi gani, mwalimu?"
Chaula huyo, mtoto wa mpima mbao.

Kiasi cha... nikatafuta hewani kwa vidole.
Si kutetemeka; hapa sote tunatetemeka mpaka saa nne.
Si kufurukuta, hilo ni la kuku aliyefungwa miguu.
Si kupapatika,
wala si lile la Sanga, anayejipindapinda kwenye dawati
tangu kengele ya kwanza.
Hilo lina neno lake, tutalifikia Alhamisi.

Ilomo, ambaye nyumbani kwao ni upande wa Kitulo, akasimama:
"Ng'ombe, mwalimu. Nzi akitua ubavuni,
mguu hauendi, mkia hauna habari,
ni ngozi tu, palepale, kiduchu, inamkataa."
Nikampa kumi juu ya kumi, za mdomo.

Pua ya sungura, akasema mwingine.
Kope, akasema Tulizo Luvanda. "Ya juu ikicheza utapata mgeni.
Ya chini, utalia."
"Na ikicheza ya chini, kisha mgeni akaja?"
"Basi amefuata deni lake."
Walipomaliza kucheka nikamuuliza,
bibi yako husemaje hasa?
"Husema, jicho linanicheza."

Chaki ikasimama.
Linanicheza. Tazama hiyo -ni-,
ndogo kama punje ya ulezi tumboni mwa kitenzi.
Jicho ndilo mtenda,
na mimi, mwenye jicho, nimekuwa uwanja.
Miaka kumi na moja nafundisha lugha ya watu
na sikuwahi kuitazama punje hiyo.

Nyuma, kwenye dirisha lililozibwa kwa boksi,
Mesheki Nkwama akanyoosha mkono.
Darasa likanyamaza vibaya.
Kila mtu analijua bega la Mesheki:
pumzi tatu, nne, linaruka kuelekea sikio,
linarudi. Kanisani hukaa mwisho wa benchi.
Paredini wamemwita Saluti.
Nami tangu Januari nimefundisha
nikilikwepa dirisha lile kwa macho.

Akasoma daftarini, kwa Kiingereza, polepole,
ile s ya umoja ikiwa mahali pake.
Nikaomba tafsiri. Nisingeomba? Ndiyo kazi yangu.
"Bega linanicheza," akasema.
"Linacheza kila siku, mwalimu,
ila mimi sijawahi kualikwa."

Mmoja akacheka, akakosa mwenzake.

Nikaenda mpaka dirishani na kalamu nyekundu.
Nikamwekea vema,
na vema ikatoka na mkia mrefu usio wake,
ukachana mstari wa pili.
Mesheki akautazama. Akanitazama mkono.
"Na wewe, mwalimu."

Ni baridi tu, nikasema.
Hakuna aliyeandika.