YAH: Kuhama Mkondo

Niliiandika usiku, kwenye karatasi ya daftari la madeni,
upande wa pili wa majina ya ninaowadai tyubu na spoki.
YAH: Ombi la kumhamisha mwanangu Mhando,
Darasa la Nne A kwenda Nne B.
Mke wangu akaisoma, akasema, "Kali hii."
Nikafuta. Akasoma tena: "Sasa unaomba msamaha."
Umeme ukakatika. Ikabaki ilivyo.

Asubuhi sikufungua karakana
(karakana ni kusema tu: mwavuli, pampu na karai,
kona ya Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani).
Nikasugua grisi kwa sabuni ya unga na mchanga,
nikavaa shati la Idi.

Nilitaka kusema hivi:
Mwalimu Mkuu, mwanangu si mjinga.
Neno analijua. Linafika mlangoni pa meno,
linapiga hodi, linapiga tena,
na Mwalimu Shekiondo hamwachii afungue.
Anammalizia.
"Maji," anamalizia. "Mkonge." "Muheza."
Na darasa limeshajifunza; watoto tisini na watatu
wanaitikia kwa pamoja mkia wa kila neno lake.
Siku hizi wakiitwa majina asubuhi
"Nipo" yake inasemwa na jirani wa dawati.
Mtoto yupo, Mwalimu. Anasemewa kwamba yupo.

Fimbo hakuna, hilo nililiandika kwa haki.
Alama ya fimbo ningekuja nayo nikakuonyesha.

Bi Mwanakombo akaipokea barua,
akaiweka chini ya kikombe bila kuifungua.
"Niambie mwenyewe. Kuna nini?"

Na mimi, mtu wa miaka arobaini na miwili,
ninayejua tairi limetoboka wapi kwa kusikiliza tu,
nikafungua mdomo na
M—
M—

Feni ikazunguka.
Nje mtoto wa zamu aligonga rimu ya lori, kipindi kikaisha.
Nikamtazama, nikingoja animalizie.
Wote humalizia: karani wa benki, muuza dawa,
hata shehe siku ya ndoa yangu
nusura anikubalie mke kwa kinywa chake.
Ningemshukuru.
M—

Hakumalizia.
Hakutazama chini, wala hakunipa lile tabasamu la wodini.
Alikaa kama mtu aliyemiminiwa chai ya moto
na hana safari.

"Mwanangu," nikasema.
"Ndiyo," akasema, akachukua kalamu.
Hakuuliza mtoto kakipata wapi.

"Nne B wapo mia na mmoja. Atakaa sakafuni kwanza."
"Atakaa."
"Na Mwalimu Shekiondo nimwambie nini?"
Hilo sikuwa nimeliandika.

Alasiri alikuja mwenyewe, anakokota baiskeli,
tairi la nyuma limelala.
Mafundi wapo wanne kati ya shule na kwangu.
Nikaichomoa tyubu, nikaizamisha karaini,
nikaizungusha polepole mpaka povu likasema ni hapa.
Alisimama nje ya kivuli cha mwavuli, chaki bado vidoleni.
"Nilidhani namsaidia," akasema.
"Tisini na watatu, baba Mhando, na kipindi ni dakika arobaini."

Nikapiga msasa. Nikapaka gundi.
Kuna kitu nilitaka kumjibu, kikaanza:
N—
Nikaona midomo yake ikiachana,
neno langu limeshakaa tayari juu ya ulimi wake.
Akaifunga. Akashika usukani kwa mikono miwili,
kama baiskeli ingeondoka.

Ilichukua muda. Gundi ilikauka, kiraka kikashika,
jirani muuza machungwa akamenya mawili.

"Najua," nikasema.

Bei niliitaja bila kukwama, bei huwa sikwami.
Elfu moja. Akalipa yote.