Sanduku Lenye Tundu

Lilikuja Unguja na majani ya chai,
mbao laini, kona zimepigwa bati,
maandishi ubavuni yamefutika nusu:
nusu nasoma, nusu nabahatisha.
Ussi alilikopa duka la Darajani
nami nikafurahi, nikajua nimeletewa kabati.
Siku ya tatu akalitoboa kitakoni
kwa msumari wa moto.

"Ussi, mbona waliharibu?"
"Siliharibu. Nalitoboa kinywa."

Basi tukawa na zamu, kama wake wenza.
Jumamosi mpaka Alhamisi ni langu:
natia mchele, khanga, nepi za Mcha,
tundu nimeliziba kwa kitambaa.
Na siku nikisahau kuziba
punje zinanifuata hadi uani,
kuku wanajua kabla yangu.

Ijumaa, alasiri ikishaswaliwa,
anamwaga vyangu mkekani bila ya samahani,
analipindua kifudifudi, anapitisha uzi wa mshipi,
uzi anaufunga kwenye mpini wa ufagio wangu,
ufagio wangu!
Vitu vyangu viwili vinakwenda harusini
na mimi sikualikwa.

Nimewasikia wajuzi wakiisifu ganuni,
nyuzi zake sabini na ushei,
na udi, na lile tumbo lake la mbao za thamani,
na fidla inayolazwa kwenye mahameli.
Sanduku halijalazwa ndani ya kitu.
Lenyewe ndilo la kulazia vitu.

Lakini ngoja Jang'ombe, usiku wa kesha.
Fidla ikilia, watu wanatikisa vichwa.
Vidumbaki vikianza kugombana, viuno vinaulizana.
Sanduku likishasema,
chini kabisa, kama mtu anayekohoa chumba cha pili,
hata biharusi aliyeambiwa atulie
anatikisa kidole gumba na hina yake mbichi.
Nilikiona. Nilikuwa dirishani,
nimejitanda buibui la jirani.

Ussi hakujua noti hata moja. Alijua mpini:
akiuvuta, sauti inapanda,
akiulegeza, inashuka kama mgonjwa anayeketi.
Kidole chake cha shahada kilikuwa na sugu,
akinigusa shavu ninamwambia
toa huko msasa wako.
Siku ya kumwosha
mwoshaji alikisugua kidole kile, akidhani uchafu.
Nikasema nyuma ya pazia:
kiache, ndivyo kilivyo.

Mwaka wa nane sasa, unga mtupu.

Jana kaja Mwanakheri, mjukuu wa dada yake,
mrefu, kalamu kaipachika sikioni.
Ati chuoni kwao wana fidla tatu,
wana udi uliotoka Misri,
hawana sanduku lililozeeka vizuri.
Nikamwambia hili halikuzeeka vizuri, limezeeka tu.
Akaligonga kwa kiganja, akaweka sikio,
akanyamaza kama anayesubiri kuitikiwa hodi.
Nikachomoa kitambaa.
Unga ukammwagikia miguuni, mweupe,
naye hakuruka.

Nimempa. Na ufagio nimempa.
Nikamwambia, Jumamosi asubuhi liwe hapa,
sina pengine pa kutia unga.
Na ukiuvuta huo mpini, mwanangu,
usitazame vidole vyako.
Tazama dirishani.
Huwa kuna mtu anachungulia.